Maddi na Shadda Mpaka Tokyo



Baada ya swala ya Ijumaa mzazi mmoja wa hapa Gazi alinifuata na swali. Kijana wake yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu, anasomea mambo ya bahari, na amepata nafasi ya kuomba kwenda Japani kwa mwaka mmoja katika mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Mzee hakuniuliza nauli. Aliniuliza, "Sheikh, lugha ile ataiweza? Na dini yake itasalimika?" Nilimjibu kwa ufupi pale pale, ila naona wazazi wengine nao wana swali hilo vifuani mwao.

Nianze na lugha. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, zilezile tulizo nazo sisi, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Jedwali lao la herufi husomwa ka, ki, ku, ke, ko. Ukilisikia likisomwa kwa pamoja utadhani umepita karibu na chuo. (Wazee wetu waliiita madrasa "chuo", na kwangu mimi jina hilo bado ni zuri kuliko yote.)

Ugumu wa matamshi uko mahali pawili. Kwanza ni urefu wa irabu. Obasan ni shangazi au khalati. Ukiivuta hiyo a ya kati ikawa obaasan, umemtaja bibi kizee. Pili ni konsonanti inayokazwa. Kite maana yake "njoo", lakini kitte ni stempu ya barua. Sasa mwite mtoto aliyesoma tajwidi umwulize maddi ni nini na shadda ni nini. Tangu udogoni ameonywa kwamba kuvuta pasipovutwa ni kosa. Akipanda darasa hufundishwa kwamba darasa, yaani amesoma, si darrasa, yaani amefundisha. Na kwamba qatala ni ameua, na qaatala ni amepigana. Sikio lake limekwisha kunolewa. Wageni wengi wa Kijapani huhangaika na jambo hili, na mtoto wa Gazi analo tayari bila ya kujua kwamba ni mali.

Maneno mengine yatamchekesha. Nani kwa Kijapani ni "nini". Saba si hesabu, ni samaki wa jamii ya vibua, na kwetu sisi watu wa pwani hilo ni neno la kushika mapema.

Kwenye maandishi kazi ni kubwa zaidi. Wajapani huandika kwa namna tatu zilizochanganywa katika sentensi moja: hiragana yenye herufi 46 za msingi, katakana yenye idadi hiyohiyo, kisha kanji, alama zilizotoka Uchina. Orodha ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyotolewa na serikali yao mwaka 2010, ina alama 2,136. Mtoto wa shule ya msingi huko hufundishwa 1,026. Idadi hiyo isimtishe kijana. Mtoto wetu huanza maisha akisoma kutoka kulia asubuhi na kutoka kushoto mchana, na babu zake walikuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Hapa sina budi kusema neno ambalo huenda walimu wenzangu wasilipende. Tumewafundisha watoto kutamka na tukachelewa mno kuwafundisha kuelewa. Mtoto anakhitimu, tunapika pilau, na ukimwuliza sura aliyoisoma inasema nini anakutazama. Kusoma ni ibada na kuna thawabu yake, sibishani na hilo. Nasema juu ya mazoea yanayobaki kichwani. Kijana akienda Japani na mazoea hayo, kanji itamshinda katika mwezi wa kwanza, kwa sababu alama moja ina sauti zaidi ya moja, na maana ndiyo inayochagua sauti. Alama ya "mtu" ikiwa peke yake husomwa hito. Mwishoni mwa jina la taifa husomwa jin, kama katika Nihonjin, Mjapani. Ukihesabu watu watatu inakuwa nin. Asiyejua sentensi inazungumzia nini hawezi hata kuitamka.

Nije kwenye dini. Japani ina misikiti tangu zamani: wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, na wa Tokyo mwaka 1938, ukajengwa upya mwaka 2000. Mjapani Mwislamu, Omar Mita, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kijapani mwaka 1972. Kwa hiyo kijana haendi mahali ambapo neno la Mwenyezi Mungu halijapata kusikika. Kitakachomtaabisha ni saa. Sisi hapa jua halituhangaishi sana mwaka mzima. Tokyo mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Disemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo magharibi yaweza kumkuta darasani. Kibla nacho hugeuka. Gazi tunaelekea kaskazini. Kule ataelekea magharibi, kwa kupinda kidogo upande wa kaskazini.

Chakula kinahitaji macho. Zaidi ya nyama ya nguruwe, kuna mirin, kilevi cha mchele kinachotiwa katika michuzi mingi na mgeni asikitambue. Ningekuwa mimi mwalimu wake, kanji za kwanza kumfundisha zingekuwa ya nguruwe na ya pombe, ili asome pakiti dukani mwenyewe. Adabu haitamsumbua. Watu wale huvua viatu mlangoni, humheshimu mwalimu, na lugha yao ina maneno ya kumwambia mkubwa yasiyofaa kwa mdogo. Wakiinama kumwamkia, yeye ainamishe kichwa kidogo. Hiyo ni salamu, wala asiifanye rukuu. Suala la binti kusafiri bila ya maharimu lina makala yake, na wanazuoni wamekhitilafiana. Sitalipitia hapa kwa haraka.

Wazazi wajue pia kuna njia mbili. Katika kubadilishana, kijana hubaki mwanafunzi wa chuo chake, kwa kawaida hulipa ada yake hapa, na hurudi kumaliza. Ufadhili wa serikali ya Japani, unaoombwa kupitia ubalozi wao Nairobi, ni jambo jingine: anayekwenda kuanza shahada husomeshwa lugha kwanza mwaka mzima. Na asidhani atajikimu kwa vibarua; mwanafunzi mgeni huruhusiwa kazi kwa kibali, isizidi saa 28 kwa wiki.

Tena neno lenyewe ni kubadilishana. Kijana huyu ametoka katika ghuba yenye mikoko ambayo tangu 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wanaitunza na kuuza hewa ya kaboni. Japani nayo ina mikoko, katika visiwa vya kusini vya Okinawa. Atakuwa na la kueleza, na Chuo Kikuu cha Osaka, kinachofundisha Kiswahili, atawakuta Wajapani wanaotaka kumsikia akisema lugha ya mamake.

Kuanza si lazima kungoje pasipoti. Kenyatta University wanafundisha Kijapani, na mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo, wenye daraja tano, hufanywa Nairobi. Kwa aliye Gazi, redio ya NHK ya Japani ina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bila malipo. Simu yenye intaneti yatosha.