Likeni za Misitu ya Mireteni

Likeni, ambayo pia huitwa kuvumwani, ni kuvu na mwani vilivyoungana vikaishi kama kiumbe kimoja. Kuvu hujenga mwili na kushika maji. Mwani, au wakati mwingine bakteria wa kijani-buluu, hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kulisha ushirika wote. Mtaalamu wa Uswisi Simon Schwendener alipoeleza hayo miaka ya 1860, wachunguzi wengi wa likeni walimpinga vikali. Leo hakuna anayebisha.

Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, likeni nyingi hupatikana kwenye misitu ya mireteni, miti ya jenasi moja na mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania. Juniperus thurifera hukua Hispania na katika milima ya Atlas nchini Moroko. Juniperus excelsa hukua Ugiriki na Uturuki. Ni misitu ya uwazi. Miti husimama mbalimbali, jua hufika hadi chini, na upepo hupita bila kizuizi. Mgeni anaweza kuiona mikavu na maskini, lakini kwa likeni uwazi huo ndio utajiri wenyewe.

Mreteni mmoja una mitaa kadhaa. Gome la shina lina tindikali na hubanduka kwa nyuzi ndefu, kwa hiyo likeni inayokua polepole huweza kuanguka pamoja na gome kabla ya kukomaa. Matawi hukaliwa na zile zinazopenda tindikali, kama Pseudevernia furfuracea ya kijivu, inayovunwa pia kwa ajili ya manukato. Pale ndege wanapotua kula matunda ya mreteni, mbolea ya vinyesi vyao huvuta Xanthoria parietina, yenye rangi ya manjano iliyokolea. Mtaa wenye thamani kuliko yote ni mti uliozeeka. Sehemu za shina lake hufa na kubaki mbao tupu, ngumu, zenye utomvu, zisizooza upesi. Hapo huishi likeni ndogo ambazo haziwezi kukaa kwenye gome linalobanduka.

Ardhi iliyo kati ya miti nayo imevikwa. Huko Monegros, kaskazini-mashariki mwa Hispania, mireteni ya kale imesalia kwenye udongo wa jasi, na likeni hufunika udongo huo kama ukoko: Diploschistes diacapsis ni nyeupe, Psora decipiens ina rangi ya tofali, Fulgensia ni ya manjano. Ukoko huu hushikamanisha chembe za udongo zisipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na mvua. Kwato za kundi la kondoo zaweza kuuvunja kwa siku moja, na kupona kwake huchukua miaka mingi.

Likeni haina mizizi. Hewa ikikauka, nayo hukauka na shughuli zake husimama. Umande wa alfajiri ukiilowesha, huamka na kutengeneza chakula kwa saa chache kabla jua halijapanda. Zenye mwani wa kijani huweza kuamshwa na unyevu wa hewa peke yake, ilhali zenye bakteria wa kijani-buluu huhitaji maji yenyewe. Ustahimilivu huo ni wa ajabu kweli. Mwaka 2005 likeni kutoka milima ya Hispania zilipelekwa angani kwa chombo cha Foton-M2, zikaachwa wazi huko kwa takriban majuma 2, na ziliporudi ziliendelea na usanisinuru.

Zisichostahimili ni kupotezewa makao. Moto huua mireteni mingi kabisa, kwa kuwa kwa kawaida haichipui tena kutoka shinani. Mahali ambapo ufugaji umeachwa, misonobari na mialoni husogea na kuleta kivuli kinachozifukuza likeni za jua. Malisho yakizidi, miche ya mreteni huliwa na ukoko wa ardhini hukanyagwa. Sheria ya makazi asilia ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 inaitaja misitu hii miongoni mwa makazi yanayopewa kipaumbele cha hifadhi. Kupanda miche ni jambo jema, lakini mti mzee ukikatwa, mche uliopandwa mahali pake utahitaji karne kadhaa kabla haujawa na mbao tupu za kuzipokea likeni zilizopotea.