Kaske ikinuka, tuangalie na sikio



Nyumbani kwetu Bukavu kaske ni moja, watoto ni watatu. Yaya wao anaivaa kusikiliza masomo ya Kifaransa katika telefoni, maana anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Dada yake anajifunza nayo nyimbo za korali. Mdogo wao wa miaka 8 anaichukua wakubwa wakiiacha. Mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha kila siku, binti akaikataa: “Mama, hii kaske inanuka. Sitaiweka tena ku masikio.”

Tulianza kwa kukosea. Tuliinyunyizia marashi. Kisha tukaitoa ile mito laini inayofunika masikio, tukaizamisha katika beseni la maji ya sabuni. Kwa mvua ile haikukauka siku tatu, na harufu ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Kwa nini? Jasho peke yake halinuki sana. Vijidudu vya ngozi ndivyo vinavyokula jasho na mafuta na kuleta harufu, na vinapenda mahali penye joto na unyevu. Mto wa kaske una sponji ndani na ngozi ya plastiki juu. Maji yakiingia katika sponji hayatoki upesi, basi vijidudu vinapata makao. Marashi yanafunika tu.

Sasa tunafanya hivi:

1. Tunatoa mito polepole. Mingi inavutwa kwa vidole, mingine inazungushwa kidogo. Ikikataa, tunaiacha mahali pake na kuisafisha hapo hapo.

2. Tunalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, tunakikamua sana, tunapangusa. Tunarudia kwa kitambaa cha maji matupu. Mto wa kitambaa, usio na ngozi, unaweza kufuliwa kwa mkono, tunaukandamiza, hatuupindi.

3. Tunaanika kivulini penye hewa, siku nzima au zaidi. Jua kali linapasua ile ngozi.

4. Mito ikikauka kabisa, tunainyunyizia bikarbonati kidogo, inalala usiku, asubuhi tunaipangusa kwa brashi laini. Asiye na bikarbonati afunge vipande vya makala katika kitambaa safi, aviweke pamoja na mito ndani ya mfuko uliofungwa siku mbili. Makala yanavuta harufu.

Javeli na petroli, hapana: vinaharibu mto na kuunguza ngozi ya mtoto. Alkoli ya farmasi ni ya sehemu ngumu za plastiki tu, maana inakausha ngozi ya mto.

Tulifanya yote, kaske ikanukia usafi, binti akaivaa tena. Lakini siku ya tatu harufu ikarudi, na upande mmoja tu, ule wa kushoto wenye herufi L. Hapo tukashtuka. Jasho linatoka pande zote mbili. Kwa nini upande mmoja?

Tukamwita mdogo, tukamgeuza kichwa penye mwanga. Sikio la kushoto lilikuwa na usaha. Hakulia, hakusema. Na sisi, ambao mmoja wetu ni mwalimu, tulikuwa tumemgombeza majuma mengi kwamba tukimwita haitiki. Tulidhani ni ukaidi. Kumbe hakuwa anasikia vizuri.

Mganga wa kituo cha afya alimtazama, akampa dawa, akatuonyesha namna ya kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Alitukataza kutia mafuta au kuchokoa kwa kijiti. Usaha ukifika siku 14 unahesabiwa ugonjwa wa muda mrefu, na unaweza kupunguza kusikia. Mtoto asiyesikia vizuri anajifunza kwa shida, naye darasani anaitwa mvivu.

Kwa hiyo, wamama, kabla ya kuosha kaske tuinuse kila upande. Ikinuka pande zote, mara nyingi ni jasho: tuoshe. Ikinuka upande mmoja, tutazame sikio la kila anayeivaa. Mwenye usaha, maumivu au homa aende kituo cha afya, na asivae kaske mpaka apone.

Kwetu sasa kila mtoto ana vifuniko vyake viwili, tulivyoshona kwa fulana ya pamba iliyozeeka na kutia lastiki. Anavivisha mito kabla ya kuvaa, na vinafuliwa Jumamosi pamoja na yunifomu. Wenye cherehani katika kikundi wanaweza kushona vya jirani pia. Kipande kidogo kinatosha.

Mdogo wetu siku hizi anaitika tukimwita mara moja. Tulimwomba msamaha. Alicheka, akaomba zamu yake ya kaske.