Shahada ya Kumfundisha Ndugu wa Mgonjwa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana waliosoma PCB huanza kupiga hesabu za vyuo. Chaguo la kwanza huwa udaktari, linalofuata famasia au udaktari wa meno. Fiziotherapia hujazwa mwishoni ili nafasi isibaki wazi, na wapo wanaoingia mwaka wa kwanza huku bado wanatafuta namna ya kuhama kozi. Waulize wazazi mtoto wao anasomea nini, watakujibu "mambo ya hospitali." Ukiwabana zaidi watasema anasomea kukanda watu.

Mimi huwasimamia wanafunzi hawa wanapokuja wodini kwa mafunzo ya vitendo, na ningependa wazazi hao wajue kwamba kukanda ni sehemu ndogo sana ya wanachosoma. Shahada yenyewe huchukua miaka minne. Ndani yake mna mwili mzima wa binadamu, toka mapafu ya mgonjwa aliyelala ICU hadi goti la mchezaji mpira, toka kichanga hadi bibi aliyevunjika nyonga. Lakini kuna somo moja ambalo halina kitabu chake mahususi wala saa zake kwenye ratiba, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha mtaalamu na mwenye cheti. Ni kumfundisha mtu mwingine, asiyejua chochote kuhusu mwili, afanye kwa mikono yake kile ambacho mwanafunzi alisoma miaka minne kukijua.

Fani yenyewe ni kongwe. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha Stockholm chuo cha mazoezi ya viungo, na mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama kilichokuja kuwa chama cha wafiziotherapia wa Uingereza. Vita vikuu viwili vya dunia na milipuko ya polio viliipa kazi kila mahali. Hapa Tanzania ukitaja fiziotherapia watu wa fani huikumbuka Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na katika eneo hilo hilo, tangu mwaka 1981, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Kenya wao walikwenda mbele kisheria: mwaka 2014 walipitisha sheria maalumu ya wafiziotherapia, yenye baraza lake.

Nirudi darasani. Mwaka wa kwanza ni anatomia, na anatomia haina huruma. Shingoni, mizizi mitano ya neva hutoka kwenye uti wa mgongo, ikaungana, ikaachana, ikaungana tena, na mwisho wa safari ikazaa neva zote za mkono. Mwanafunzi huuchora mtandao huo hosteli usiku, akaufuta, akauchora tena, maana swali lake halikosekani kwenye mtihani na hakuna anayetaka kurudia sapu ya anatomia wenzake wakiwa likizo. Wengi huyaona mateso ya bure. Halafu, mwaka wa tatu, kliniki analetewa kichanga wa wiki tatu. Alikuwa mkubwa tumboni, bega likakwama wakati wa kuzaliwa, shingo ikavutika. Mkono wa kulia umelala ubavuni bila kucheza. Umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Aliyeuchora mtandao ule kwa dhati hahitaji kuambiwa kilichoumia. Ni mizizi miwili ya juu, na umbo la mkono limeshamwambia.

Anajua pia kwamba wengi wa watoto hawa hupata nafuu ndani ya miezi michache, kwa vile neva hujirudi taratibu. Katika muda huo wa kungoja, bega na kiwiko vinapaswa kubaki laini, visikakamae. Vitalainishwa na nani? Na mama, kila anapombadilisha mtoto nepi. Hapo ndipo mwanafunzi hodari wa kuchora hukwama. Kesi ameiwasilisha kwa Kiingereza mbele ya mwalimu, majina yote ya misuli yametoka bila kosa, kisha anamgeukia mama na kumwambia tu, "Uwe unamfanyisha mazoezi." Mazoezi gani? Mara ngapi? Ashike wapi? Mama anaitikia kwa heshima, anamfunga mtoto kwenye khanga, anaondoka. Nikiwa jirani humrudisha mama akae, na mwanafunzi akae mbele yake.

Wodi inayowapima kuliko zote ni ya majeraha ya moto. Mtoto wa miaka miwili kavuta sufuria ya uji, kaungua kifua, kwapa na mkono hadi kwenye kiwiko. Ukimwacha alale apendavyo, atakunja kiwiko na kuubana mkono kifuani, kwa sababu mkao huo hauumi. Ndio mkao huo huo utakaomlemaza. Kidonda kinapopona kovu huvuta, na likishavuta, kiwiko hakinyooki tena wala bega halipandi. Mtoto atafika darasa la kwanza akiwa hawezi kunyoosha kidole juu. Kwa hiyo mwanafunzi inambidi aunyooshe mkono ule, autenge na mwili, aufunge banzi usiku, huku mtoto akilia kwa sauti inayosikika hadi korido ya pili na mama akisema, "Basi mwanangu, inatosha, mwacheni."

Mwanafunzi anayeogopa kuchukiwa ataachia, na wodi nzima itamwona ana roho nzuri. Baadhi hutoka nje wakalia. Siwalaumu kamwe, na ningepata wasiwasi na asiyeguswa. Ninachowataka ni warudi. Warudi wamweleze mama kovu linafanya nini, wamwonyeshe mtoto mwingine aliyetangulia ambaye kovu limemvuta, au picha yake. Wapange na muuguzi dawa ya maumivu itolewe mapema, ifanye kazi kabla ya mazoezi. Waache kuuvuta mkono kwa nguvu na watafute mpira wa soksi, waushike juu na mbali kidogo, upande ulioungua, mtoto aufuate mwenyewe. Baada ya hapo wampe mama ule mpira, wakae pembeni watazame.

Ninapenda kuwatajia wanafunzi matibabu ya mguu kifundo, yaani mguu uliopinda tangu kuzaliwa, kwa sababu hayaachi shaka kuhusu nafasi ya mzazi. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi chuo kikuu cha Iowa huko Marekani, alionyesha kwamba mguu wa mtoto aliyezaliwa na kifundo hurekebishwa kwa mikono na mahogo yanayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida matano hivi au sita, na mara nyingi mkato mdogo wa kano ya kisigino. Watu wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Lakini baada ya hogo la mwisho mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha kila anapolala, hadi afikishe takriban miaka minne. Mguu ukirudi kupinda, sababu kubwa huwa viatu havikuvaliwa. Kliniki ilikuwa na wiki zake chache, nyumba ina miaka. Mama mkwe akisema chuma kile kinamtesa mjukuu, maneno ya mwanafunzi ndiyo silaha pekee aliyobaki nayo mama wa mtoto.

Kiharusi kina funzo lake, na hapa sina budi kusema jambo linalopunguza uzito wa hoja yangu mwenyewe. Ndugu wengi humwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega mahali pake imelegea, hivyo mfupa hushuka, na maumivu ya bega yanayofuata huweza kudumu miezi mingi. Mwanafunzi huwafundisha njia nyingine. Mgonjwa asogezwe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote zikanyage sakafu, ndugu amshike kiunoni na kulizuia goti dhaifu kwa goti lake, kisha mgonjwa ainame mbele hadi pua ivuke vidole vya miguu. Hapo mwili huinuka karibu wenyewe. Ni mbinu nzuri, na ndugu huipata upesi wakionyeshwa vizuri.

Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa India ulioitwa ATTEND. Ulihusisha wagonjwa wa kiharusi 1,250 katika hospitali 14, na nusu yao familia zilifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi haikupungua ukilinganisha na wale waliopata huduma ya kawaida. Huwa nawasomesha wanafunzi utafiti huo kwa makusudi. Ndugu aliyefundishwa anaweza kulinda bega, kuzuia vidonda vya kulala na kumkalisha mgonjwa ale bila kupaliwa. Hawezi kushika nafasi ya mtaalamu anayejua lini zoezi libadilike, lini liongezwe, lini liachwe. Anayesema tufundishe familia ili tusiajiri, utafiti huo umemjibu.

Na suala la ajira linauma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wanaishi na hali ya kiafya ambayo ingenufaika na huduma za utengamao, na kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Wakati huo huo wapo wahitimu wenye shahada wanaojitolea bila mshahara wakisubiri tangazo la ajira. Mgonjwa anaruhusiwa hospitali ya rufaa, anapewa tarehe ya kurudi, nauli inakosekana, na kwenye hospitali ya wilaya yake hakuna wa kumpokea. Zoezi alilofundishwa ndugu linabaki lile lile la wiki ya kwanza, hata mgonjwa akiwa tayari kwa zaidi. Kituo cha wilaya chenye mtaalamu mmoja, godoro, kioo na reli mbili za kushikilia kingebeba mengi, na vyote isipokuwa mtaalamu fundi seremala wa mjini anaweza kuvipata au kuvitengeneza. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wanavyopenda mashine. Zina nafasi yake, lakini mwanafunzi aliyezoea kubandika nyaya mgongoni mwa mgonjwa atafanya nini siku umeme ukikatika?

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo moja, na ningetamani lijadiliwe kabla ya mitihani ijayo ya vitendo. Leo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanyiwa mtihani mbele ya mgonjwa. Anapima nguvu ya msuli toka sifuri hadi tano, anasoma nyuzi za kiungo kwa goniometa, anaonyesha mbinu yake, anajibu maswali. Tuongeze kituo kimoja. Awepo ndugu halisi wa mgonjwa, apewe mwanafunzi kwa dakika 20, kisha mwanafunzi atoke nje na mlango ufungwe. Mtahini amwombe ndugu amwinue mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Atazame anashika wapi, goti lake limekaa wapi, kama mkono uliopooza umevutwa au umeachwa salama, na kama anaweza kusema atarudia zoezi mara ngapi na dalili gani ikitokea aache aje hospitali. Alama za mwanafunzi zitoke hapo.