Bei ya Gari la Kifahari Haiishi Siku ya Kulinunua

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huisomeshwa kila mwanafunzi wa Kenya, akaandikia insha, na mwalimu akaisahihisha kwa wino mwekundu. Hata hivyo, naona kwamba wengi wetu tuliosoma huiacha ubaoni siku tunapokwenda kununua gari. Nia yangu leo ni kuzungumzia gari la kifahari lililokwenda masafa marefu na matengenezo makubwa linayodai, maana hapo ndipo mkopo wa chama cha ushirika na karo za watoto zinapoweza kuteketea pamoja.

Hapana shaka kwamba gari la fahari humlevya mtu. Katika Afrika Mashariki lugha yenyewe ni shahidi: wakubwa walioibuka baada ya uhuru waliitwa Wabenzi, kwa jina la gari walilolipanda. Siku hizi gari ambalo lilipokuwa jipya lilimfaa mkurugenzi, likishazeeka huweza kuuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida. Mnunuzi hujiona amepata bahati ya mtende. Nionavyo mimi, aghalabu hiyo si bahati bali ni deni la mwenye gari wa kwanza, lililohamishiwa kwa wa pili.

Sababu ni hii. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nalo. Pampu au kompyuta ya gari la kifahari hubaki kuwa ya gari la kifahari, hata kama gari lenyewe limekwisha kupita katika mikono minne. Isitoshe, mpira, plastiki na mafuta vina umri wake, na vingi hufikia ukingoni takriban wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa Lexus LS 400, gari ambalo kampuni ya Toyota ililizindua mwaka 1989. Injini yake ina silinda nane, na vali zake huendeshwa kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Muda wake ukiwadia, fundi mwenye busara habadilishi mkanda peke yake. Hubadilisha pia pampu na roda zinazoukaza mkanda, na kuzikagua sili za mafuta zilizo karibu, kwa kuwa kazi kubwa ni kuifungua sehemu ya mbele ya injini. Mwenye gari anayeagiza mkanda tu, eti pampu ingali nzima, huokoa shilingi chache leo ili kesho ailipie kazi ile ile mara ya pili. Na mkanda ukikatika safarini, katika injini nyingi za aina hii vali hugongana na pistoni, ikawa injini nzima ni ya kufumuliwa.

Tazama pia Mercedes-Benz ya daraja la S iliyotoka mwaka 1998. Gari hilo hubebwa na hewa badala ya springi za chuma, na hewa yenyewe hukaa ndani ya mifuko yenye mpira. Mpira ukizeeka hupata nyufa, hewa ikavuja usiku, na asubuhi gari likakutwa limeinama upande mmoja. Gari linapowashwa, kompresa huanza kuijaza hewa ile, na kwa kuwa haikai, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Kwa hivyo mfuko mmoja ulioachwa bila kutengenezwa huangamiza mtambo mwingine. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi maana ya ufa na ukuta.

Fauka ya hayo, kuna maneno ya kumpumbaza mnunuzi. Katikati ya miaka ya tisini, Mercedes-Benz ilitoa sanduku la gia la kujiendesha ambalo mafuta yake yalisemekana kutosha maisha yote. Baadaye mtengenezaji huyo huyo alibadili ushauri na kuagiza mafuta yabadilishwe. Nami nauliza: maisha yote ya nani? Huenda yakamtosha mnunuzi wa kwanza, ambaye huliuza gari likiwa bado changa. Sisi tunaolipokea likiwa na kilomita 150,000 au zaidi tusijifariji kwa ahadi alizopewa mwingine.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo inapima umri, haimalizi kazi ya matengenezo. Gari la miaka saba laweza kuwasili Mombasa liking'aa kama kioo ilhali mkanda, mafuta ya gia na mipira yake vimekaribia kikomo. Rangi husafishwa kwa siku moja, na hata mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma na walaghai.

Je, nasema kwamba magari haya yasinunuliwe? La, hasha! Mwaka 2019, Lexus LS 400 ya mwaka 1996, ya mwandishi wa habari za magari wa Marekani Matt Farah, ilitimiza maili milioni moja, yaani takriban kilomita milioni 1.6. Gari lililoundwa vyema hudumu, mradi litunzwe. Ninalolipinga ni kununua fahari bila kununua matunzo yake.

Basi, ndugu mwalimu, kabla hujatia sahihi fomu ya mkopo, omba daftari la matengenezo. Kama halipo, chukulia kwamba hakuna kilichofanywa. Mlipe fundi usiyejuana na muuzaji alikague gari kwa chini na kwa juu. Muulize gharama ya mkanda au mnyororo wa injini, ya sanduku la gia, ya rejeta na mipira yake, kisha ujumlishe na bei ya gari. Jumla hiyo ndiyo bei halisi. Ikikushinda, gari limekushinda, na hakuna aibu katika kulisema hilo.

Ukishalinunua, fuata utaratibu. Anza na vinavyolinda roho: breki, usukani na matairi. Fuatisha vinavyolinda injini: mafuta, maji ya kupoza na mkanda. Starehe ije mwisho. Anayetanguliza redio na rimu zinazometa, huku mafuta ya breki yamekaa miaka mingi na kunyonya unyevu, anaipamba hatari.

Nawe mwanafunzi, usimdharau fundi wa jua kali aliyejipaka grisi. Anayejua kwa nini pampu hubadilishwa pamoja na mkanda anaijua fizikia, na anaijua hesabu ya gharama kuliko wengi wenye vyeti. Walimu wako wanapokupa tena methali ya ufa na ukuta, waombe mtoke nje, mfunue boneti ya gari lolote lililoegeshwa uwanjani, mwulizane ni kipi humo kimepita muda wake na mwenyewe hajui.