Je, Wajua Lori la Rimoti Lisilo na Swichi ya Kuzima Injini?

Lori dogo la nitro likishawaka, halizimwi kwa ufunguo wala kwa swichi. Swichi iliyo ubavuni ni ya redio tu. Ukiizima, injini itaendelea kunguruma, na hatari itaongezeka maana sasa hakuna wa kuiamuru. Fundi anayetaka kuinyamazisha huziba tundu la ekzosi kwa kitambaa, hubana mpira unaopitisha mafuta, au hugandamiza flaiwili kwa mpini wa bisibisi mpaka isimame. Hakuna waya wa kukata kwa sababu injini hii huwaka bila cheche. Asiyeelewa jambo hilo moja ataifungua na kuifunga mara nyingi bila kuiponya.

Mfano mzuri wa jamii hii ni T-Maxx, lori lililotolewa mwaka 1999 na kampuni ya Traxxas ya Texas, Marekani. Lilikuja na magurudumu manne yote yanayosukuma, gia mbili zinazobadilika zenyewe, na gia ya kurudi nyuma, kitu kilichokuwa adimu kwa magari ya nitro. Injini yake ya mwanzo ilikuwa na sentimita za ujazo 2.5 tu, yaani nusu ya kijiko cha chai. Baadaye likapewa injini ya sentimita za ujazo 3.3, na mtengenezaji akatangaza kasi inayopita kilomita 70 kwa saa. Injini hizi huweza kuvuka mizunguko 30,000 kwa dakika. Kwa kuwa ni za mipigo miwili, kila mzunguko una mlipuko wake, kwa hiyo ndani ya kijisilinda kile mafuta huripuka mara 500 na zaidi kila sekunde. Waya gani wa cheche ungefuata mwendo huo kwenye chombo kidogo namna hii, bila koili na betri nzito za kubeba?

Jibu limo ndani ya plagi. Ukiichungulia utaona koili nyembamba ya platinamu. Mwaka 1817 Humphry Davy aligundua kwamba waya wa platinamu ukiwa na joto huendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa, hata pasipo na mwali. Mwaka 1823, kule Jena, Ujerumani, Johann Döbereiner akatengeneza taa iliyowashwa kwa kurushia haidrojeni kwenye platinamu. Madini haya huharakisha muungano wa mvuke na oksijeni juu ya uso wake, yenyewe yasipungue. Ray Arden, Mmarekani, aliingiza kanuni hiyo sokoni mwaka 1947 kwa ajili ya ndege ndogo za kuchezea, na injini ndogo zikaachana na betri na koili. Wakati wa kuwasha, plagi hupewa umeme wa volti 1.5 ili koili iwe nyekundu. Injini ikishika, umeme huondolewa. Kuanzia hapo joto la mgandamizo, mabaki ya joto la mlipuko uliopita, na methanoli inayogusa platinamu huifanya koili iendelee kuwaka yenyewe.

Mafuta yake nayo si petroli, na kumimina petroli humo ni kazi bure. Ni methanoli iliyochanganywa na nitromethani, mara nyingi asilimia 10 hadi 30, pamoja na mafuta ya kulainisha, ambayo mara nyingi huwa na mafuta ya nyonyo ndani yake. Nitromethani, ile "nitro" ya jina la lori, ina maajabu yake. Kwa uzito uleule, nishati yake ni karibu robo ya nishati ya petroli, lakini molekuli yake imebeba oksijeni. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo moja ya nitromethani huridhika na kilo 1.7. Silinda huvuta hewa kiasi kilekile kila mzunguko, kwa hiyo ukiwa na nitromethani unaweza kuingiza mafuta mengi mno kwa hewa hiyohiyo, na nguvu inayotoka kwa kila kilo ya hewa huzidi mara mbili ile ya petroli. Methanoli nayo huleta ubaridi: inapogeuka mvuke hunyonya joto karibu mara tatu kuliko petroli, na ubaridi huo ndio unaoilinda pistoni.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa kulitengeneza lori hili. Injini haina bakuli la oili chini. Oili yote inayolainisha konrodi, beringi na kuta za silinda huingia ikiwa imeyeyushwa ndani ya mafuta, kama ilivyo kwa injini za zamani za boti za mipigo miwili. Kwa hiyo unapokaza sindano ya kabureta na kupunguza mafuta, unapunguza vitu vitatu kwa mkono mmoja: mafuta, oili na ubaridi. Injini itatoa sauti kali ya kupendeza na lori litaruka kwa dakika kadhaa. Mtu hudhani amepata nguvu, kumbe pistoni inakwanguliwa.

Hata pistoni yenyewe ina siri yake. Injini nyingi za aina hii hazina ringi. Pistoni ni ya alumini, na silinda ni bomba la shaba ya njano lililopakwa kromu ndani, nalo limefanywa jembamba kidogo juu kuliko chini. Ikiwa baridi, pistoni hukwama inapofika kileleni, na anayeigeuza kwa mkono mara ya kwanza hudhani imeharibika. Kukwama huko ni dalili ya afya. Injini ikipata joto, sehemu ya juu ya silinda hutanuka zaidi na pistoni hupita sawasawa. Ndiyo maana injini mpya inayozoeshwa kazi ipewe mafuta ya kutosha lakini isiachwe iwe ya baridi, maana baridi nayo hukwangua. Na ndiyo maana baada ya kuizima unashusha pistoni chini, isije ikabanwa kileleni silinda inapopoa. Injini iliyokwisha utaijua kwa kinyume chake: ukiwa umeondoa plagi, flaiwili inazunguka kwa kidole bila ukaidi wowote pale juu. Hiyo haiponi kwa sindano. Inahitaji pistoni na silinda mpya, na hununuliwa pamoja kwa sababu zimepimwa zikiwa pamoja.

Lakini injini nyingi zinazoitwa mbovu hazijafikia hapo. Zina hewa inayoingia mahali pasipostahili. Dalili yake ni hii: unaachia mkono wa gesi na injini inaendelea kulia kwa kasi kabla ya kushuka, leo inakubali, kesho inakataa, na sindano haieleweki. Sababu huwa ni ringi ya mpira iliyokauka chini ya kabureta, gasketi ya kifuniko cha nyuma, mpira wa mafuta uliotoboka, au beringi ya mbele iliyolegea. Kuipata si kazi ya kubahatisha. Unaziba ekzosi na mdomo wa kabureta, unazamisha injini majini, unapuliza kwa mpira, kisha unatazama povu linatokea wapi. Tangi nalo lina habari yake. Kutoka kwenye ekzosi kuna mpira mdogo unaopeleka mgandamizo ndani ya tangi ili usukume mafuta kwenda kwenye kabureta. Kifuniko cha tangi kisipobana vizuri, injini hufa njaa huku tangi limejaa.

Hewa ikishazibwa, sasa ndipo sindano zinaguswa. Ipo ya kasi kubwa, ipo ya kasi ndogo, na ipo skrubu inayozuia kabureta isifunge kabisa. Anza na ya kasi kubwa, uigeuze moja ya nane ya mzunguko au pungufu, kisha uliendeshe lori kabla ya kugusa tena. Moshi mwembamba wa buluu uonekane muda wote lori linapokimbia. Kwa sindano ya kasi ndogo, acha injini ingurume taratibu halafu ubane mpira wa mafuta karibu na kabureta. Ikipandisha sauti kidogo na kufa baada ya sekunde kama tatu, iko sawa. Ikifa papo hapo, mafuta ni machache. Joto la kichwa karibu na plagi likicheza kati ya nyuzi 100 na 125 za Selsiasi, tulia. Na mpangilio wa mahali pamoja haufai kila mahali: lori lililorekebishwa Mombasa likipelekwa Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, litakuta hewa nyepesi na kuonekana limelewa mafuta.

Kuna kosa jingine linalovunja konrodi. Mafuta yakijaa ndani ya silinda, kamba ya kuwashia hukataa kuvutika. Kimiminika hakigandamiziki, kwa hiyo nguvu yote unayoongeza huishia kwenye chuma. Ondoa plagi, pindua lori, vuta kamba taratibu mafuta yatoke, rudisha plagi. Ni kazi ya dakika mbili.

Beringi za krenki huumwa na kutu zaidi kuliko kazi. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani, na mabaki ya nitromethani yana asidi. Lori likiwekwa baada ya mchezo bila kumaliza mafuta na bila kudondoshea matone ya oili ndani ya injini, kutu huanza. Kuzibadilisha ni somo zuri la fizikia: kesi ya alumini ya injini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi. Ipashe joto kwenye oveni hadi nyuzi kama 150, igonge kidogo juu ya ubao, na beringi itaanguka yenyewe. Anayeipiga nyundo ikiwa baridi huharibu kesi nzima.

Sasa tuje kwenye kuboresha, neno linalomaliza pesa za watu. Wengi huanza na injini kubwa. Kutoka sentimita za ujazo 2.5 hadi 3.3 ni ongezeko la karibu theluthi, na nguvu hiyo lazima ipite mahali. Klachi iliyozoea kidogo itateleza na kuungua. Ukiimarisha klachi, gia kubwa ya plastiki italiwa meno. Ukiweka gia ya chuma, shafti zitajipinda, na baada ya shafti ni difu. Gia ile ya plastiki haikuwekwa kwa ubahili tu. Ni kitu cha bei ndogo kinachokubali kufa ili cha bei kubwa kipone. Mimi ningeiacha, na ningehakikisha tu haigandani na gia ya klachi: pitisha kipande cha karatasi kati ya meno, bana injini, kisha itoe karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Mikono ya magurudumu ni vivyo hivyo. Ya alumini hung'aa, lakini ikigonga ukingo wa barabara hupinda na kubaki imepinda, au hupeleka pigo kwenye fremu. Ya nailoni nzuri hujikunja na kurudi.

Maboresho yenye faida hayaonekani kwa macho. Chujio la hewa la sponji lililolowanishwa oili yake na kukazwa vizuri kwenye kabureta lina thamani zaidi kuliko ekzosi ya kung'aa, maana vumbi likipita hapo huisaga pistoni ndani ya mchezo mmoja. Servo (kijimota cha usukani) yenye gia za chuma hustahimili magurudumu mazito. Redio ya gigahezi 2.4 huondoa ule usumbufu wa zamani wa megahezi 27, ambapo watu wawili wenye kristali ya aina moja walivurugiana magari.

Na kuna kifaa kimoja ambacho kwangu si cha hiari: kinga inayoifunga kabureta na kushika breki pale betri ya kipokezi inapoisha au mawimbi yanapokatika. Lori la kilo nne likikimbia kilomita 70 kwa saa lina nguvu ya kugonga sawa na kuangushwa kutoka mita 19 juu. Likipoteza redio mkono wa gesi ukiwa wazi, halitasimama mpaka ligonge kitu au liishiwe mafuta, na tangi la mililita zipatazo 125 linatosha dakika kadhaa za hatari. Kinga hiyo, pamoja na springi ya kuivuta kabureta ifunge, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya injini.

Mafuta yenyewe yaheshimiwe pia. Mwali wa methanoli mchana hauonekani vizuri, mvuke wake una madhara, na ni sumu inayopofusha na kuua. Ni kemikali ileile iliyoua makumi ya watu nchini Kenya Mei 2014 walipouziwa pombe iliyochanganywa nayo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2021, mtu wa kawaida hauziwi bila leseni mafuta yenye nitromethani inayozidi asilimia 16, kwa sababu inaweza kutumiwa kuunda vilipuzi. Yahifadhi kwenye chupa yenye maandishi, mbali na watoto, na kamwe si kwenye chupa ya soda.

Ukipewa lori kuukuu la nitro lililokaa stoo, usiagize kwanza injini mpya. Nunua plagi, mipira ya mafuta, ringi za kabureta, beringi mbili, chujio na ile kinga ya redio. Ziba hewa, pima kileleni kwa kidole, jaza mafuta mapya, vuta kamba. Likiwaka na kukaa katika joto lake, hapo ndipo uamue kama kweli linahitaji nguvu zaidi.