Kabla ya Ngagi, Wapelekeni Watoto Lwiro

Likizo ikikaribia watoto wanaanza kuuliza: "Mama, tutaenda lini kuona ngagi?" Kumjibu mdogo ni vigumu, kwani katika Mbuga ya Kahuzi-Biega asiyefikisha miaka 15 haruhusiwi kuwafuata ngagi msituni. Lakini kuna mahali ambapo, kwa maoni yangu, panawafaa wadogo zaidi: Lwiro, katika Kabare, kwenye kituo kinacholea sokwe na kima yatima.

Kituo kilianza mwaka 2002, penye majengo ya utafiti yaliyoachwa na Wabelgiji. Kina sokwe zaidi ya 100, kima wa aina nyingi, hata kasuku. Utawaona nyuma ya nyaya kama kwenye zoo, ila hakuna aliyekamatwa ili aonyeshwe watu. Wengi walinyang'anywa wawindaji na wauzaji.

Hapo ndipo mama amweleze mtoto. Sokwe mchanga hunyonya miaka minne au mitano, analala kifuani mwa mama yake, anasafiri mgongoni. Mama huyo hakubali mtoto achukuliwe. Kwa hiyo anauawa kwanza, nyama inauzwa, na mtoto anafungwa kamba kiunoni na kupelekwa kutafutiwa mnunuzi. Ukikuta mtu anamtembeza sokwe mdogo, usimnunue hata kwa huruma, maana pesa yako ndiyo itakayomrudisha mwindaji msituni. Peleka habari ICCN. Sheria ya mwaka 2014 ya kulinda viumbe vya asili iko upande wako.

Kabla ya kutoka, pigeni simu kituoni, na ulizeni pia hali ya usalama barabarani. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, hata akilia: mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Ndizi na biskuti ni za watoto wenu, msiwatupie wanyama.

Kikundi chenye vijana wa miaka 15 na kuendelea kinaweza kufika mpaka Tshivanga, mlangoni mwa mbuga, ambako wageni hupiga hema. Ni juu ya mita 2,000. Baridi ya usiku inauma, blanketi moja halitoshi, na kuni za mbuga haziokotwi, basi bebeni makala yenu. Kuona ngagi kunalipiwa, lakini Mkongomani halipi sawa na mgeni. Chukueni kadi ya mpiga kura, mwombe bei ya raia.