Kidole cha Babu, Kioo cha Simu

Kioo cha simu janja hakipimi nguvu ya kidole, kinapima umeme. Ndani yake umetandazwa wavu wa nyaya nyembamba zisizoonekana, zenye chaji ndogo sana. Kidole kikigusa, mwili, ambao hupitisha umeme, hubadilisha chaji ya mahali hapo na simu inajua pa kuitika. Ndiyo maana ukigonga kwa ncha ya ukucha hakuna kinachotokea. Sasa mpe simu hiyo mkulima wa miaka 72, mwenye vidole vilivyoota sugu ya jembe na ngozi iliyokauka kwa umri. Anagusa, kimya. Anagusa tena, kimya. Anakandamiza kwa nguvu na kuganda hapo, na simu, ambayo huuhesabu mguso wa takriban nusu sekunde kuwa amri nyingine kabisa, inamfungulia orodha asiyoiomba. Mjukuu anacheka: "Babu, siyo hivyo, lete." Simu inahama mkono, kazi inaisha kufumba na kufumbua, na babu hajajifunza kitu.

Vidole hivyohivyo vilisumbua wakati Tanzania ilipoanza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019. Vijituta vya alama husagika kwa kazi za mikono, na ngozi ya uzeeni hupoteza mnyumbuko, kwa hiyo mashine inashindwa kuzisoma.

Macho nayo yana hesabu yake. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujikunja kuona vya karibu. Kufikia miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho ni karibu theluthi moja tu ya ule anaoupata kijana wa miaka 20. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo wabunifu vijana wanayahusudu mno, kwa bibi ni ukurasa mtupu.

Halafu kuna saa. Anayetuma pesa kwa simu ya kitochi kwa kupiga *150*00# ya M-Pesa hujibizana na menyu isiyosubiri: avae miwani, asome, atafute namba kwenye daftari, akumbuke namba ya siri, na kabla hajamaliza muda umekwisha, aanze upya. Ni kweli kwamba kasi ya ubongo hupungua taratibu tangu utu uzima wa mapema. Lakini msamiati na maarifa ya maisha huendelea kukua kwa miongo mingi baadaye. Kuchelewa si kushindwa, ila menyu haijui tofauti hiyo.

Kwamba wazee hujifunza, ushahidi tunao nyumbani. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, wazee waliozoea kupokea bahasha kwa kondakta wa basi waliizoea, kwa sababu ilileta pesa ya mtoto aliye mjini. Ujumbe wa sauti nao wameupokea bila semina: kwenye kikundi cha familia babu husalimia ukoo mzima, mmoja mmoja, dakika nne kamili, na ole wako usiusikilize wote. Kwa asiyesoma vizuri, huo ndio uliofungua mlango.

Mwaka 2014 mtafiti Denise Park na wenzake wa Texas, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowafundisha watu wa miaka 60 hadi 90 ujuzi mpya, saa kama 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Kumbukumbu za waliojifunza kupiga picha za kidijitali na kuzihariri kwa kompyuta ziliimarika kuliko za waliokutana kwa maongezi na burudani tu.

Kinachobaki ni woga, na woga huo una akili. Kijana hujifunza kwa kubofya hovyo kwa sababu akikosea hapotezi kitu. Mzee ambaye simu yake imebeba matumizi ya mwezi mzima hutaka kujua kwanza kitufe kinafanya nini. Kila mtu ameshaona ule ujumbe wa matapeli, "ile pesa nitumie kwenye namba hii." Tahadhari ya mzee ingewafaa vijana wengi. Hatari kubwa zaidi ipo pale anapokata tamaa na kumtajia mjukuu, jirani au wakala namba yake ya siri, maana hapo pesa si yake peke yake tena.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya simu ya mzee wako, sehemu ya ufikivu. Kuza maandishi, ongeza utofauti wa rangi, refusha muda wa kugusa na kushikilia. Kisha irudishe mkononi mwake na abofye mwenyewe, hata kama kutuma elfu kumi kutachukua robo saa. Namba ya siri usiiulize.